Turubai la Mwaka Mmoja, Kambi ya Miaka Thelathini

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wa fani hii, wasanifu majengo na wahandisi wenzangu, na ninyi wanafunzi, ambao ndio hasa niliotamani kuzungumza nanyi:

Naomba nianze na vipimo, kwa kuwa kazi yetu huanzia hapo. Turubai la plastiki linalogawiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lina upana wa mita 4 na urefu wa mita 5. Hema la familia la shirika hilo lina sakafu ya mita za mraba 16, na ukiongeza sehemu mbili ndogo za mbele na nyuma unapata 23. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yamekuwa yakivifuata tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, vinataka kila mtu apate walau mita za mraba 3.5 za kuishi chini ya paa, lita 15 za maji kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, na nafasi ya wazi yenye upana wa mita 30 ya kuzuia moto kila baada ya mita 300 za makazi. Vipimo hivi vimeokoa maisha, na sikuja hapa kuvibeza. Yeyote aliyeona kipindupindu kikiingia mahali penye watu wengi na vyoo vichache anajua kwamba tarakimu hizo hazikuandikwa kwa kupamba karatasi.

Kipimo ambacho sijakiona kikipewa uzito kama huo ni muda. Hema hutarajiwa kudumu mwaka mmoja hivi chini ya jua na mvua. Nyarugusu, katika Wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita nchini Kongo. Kakuma, kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilianza mwaka 1992. Kambi za Dadaab, mashariki mwa nchi hiyohiyo, zilianza mwaka 1991, zikapangwa kwa watu 90,000, na ulipofika mwaka wa njaa wa 2011 zilikuwa na watu wanaokaribia nusu milioni. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu katika miaka yake ya mwanzo leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake mwenyewe, na watoto hao wanalala mahali ambapo katika nyaraka zetu pangali panaitwa makazi ya muda.

Nimekuja kusema jambo moja, na yote nitakayoyataja yatakuwa yakilizunguka hilo: jengo la wakati wa maafa lisanifiwe kwa miaka ambayo watu watakaa kweli, na kwa mikono ambayo itabaki nalo baada ya sisi kuondoka. Miaka na mikono havitenganishiki, kwa sababu hakuna jengo linalodumu miaka ishirini bila kukarabatiwa, na hakuna mtu anayeweza kukarabati kitu ambacho hakupewa nafasi ya kukielewa.

Nililijifunza hili kwa namna ambayo bado inaniuma. Nikiwa na shahada mpya, nilitumwa na taasisi moja kwenye kambi ya magharibi mwa Tanzania kukagua nyumba. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa safu, milango yote ikitazama barabara, nafasi kati ya moja na nyingine ikiwa sawasawa na ilivyokuwa kwenye mchoro. Fomu niliyopewa ilikuwa na sehemu ya kuandika mabadiliko yasiyoidhinishwa. Nilifika kwa mama mmoja Mbembe, mwenyeji wa pande za Fizi huko mashariki mwa Kongo, nikakuta ameuziba mlango wa mbele kwa matofali ya tope na kutoboa mwingine upande wa nyuma, akazungushia ua wa mabua, akahamishia meko huko uani, na mbele ya ukuta aliouziba akajenga kibaraza cha udongo alichokisiriba kikang'aa. Nikatia alama tatu kwenye fomu. Mama yule hakukasirika. Alinikalisha kwenye kibaraza kile, akaniita mwanangu, akanieleza kwamba hawezi kupika huku akitazamwa na kila apitaye, kwamba binti zake walikuwa wakiona haya kutoka bafuni mbele ya barabara, na kwamba mgeni akija lazima apate mahali pa kukaa bila kuingizwa chumba cha kulala. Alichokuwa amekijenga kilikuwa uani, jikoni na baraza, yaani kile ambacho katika sehemu zetu nyingi ndicho kinachoifanya nyumba iitwe nyumba, na mimi nilikuwa nimekiandika kuwa kosa mara tatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba kazi ya msanifu kambini haianzi na karatasi tupu. Watu waliofika jana jioni wakiwa na turubai moja wanakuwa wameshaanza kusanifu asubuhi ya leo: wamegeuza uelekeo wa mlango ili upepo usiingie, wamechimba mfereji wa maji ya mvua, wamechagua upande wa wanawake na upande wa wageni. Mabadiliko hayo ndiyo michoro yao, na asiyejua kuisoma hana haki ya kuwachorea mingine.

Tuutazame mfano wa Rwanda. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, watu zaidi ya milioni mbili walivuka mipaka, na waliofika makambini walipewa maturubai wakajitafutie nguzo wenyewe. Wakakata miti. Vilima vilipoanza kubaki vitupu, UNHCR ilileta nguzo za alumini, na wakimbizi, ambao hawakuwa na senti mfukoni, wakaziuza, kisha wakarudi kukata miti kama awali. Wapo wanaokisimulia kisa hiki kana kwamba ni kisa cha ukaidi wa wakimbizi. Mimi nakisoma kuwa ni kisa cha usanifu: aliyechagua alumini alipima nguvu ya nguzo, uzito wake na bei yake kiwandani, lakini hakupima thamani yake mikononi mwa baba ambaye watoto wake hawajala.

Msanifu wa Kijapani Shigeru Ban alilishawishi shirika hilo lijaribu nguzo za mirija ya karatasi ngumu, ya aina ile inayotumika viwandani kuzungushia vitambaa. Ni myepesi, bei yake ni nafuu, inaweza kutengenezwa karibu na mahali inapohitajika, na hakuna anayeitaka sokoni. Mwaka 1999 vibanda 50 vilisimamishwa Byumba, kaskazini mwa Rwanda, vikafuatiliwa ili kuona kama vitahimili hali ya hewa na mchwa. Hamsini ni idadi ndogo sana mbele ya mamilioni, na karatasi haikupata kuwa desturi ya makambi yetu. Ninachokichukua kwake ni lile swali alilolianza nalo, la kujiuliza kitu hiki kitageuka kuwa nini kikishafika mikononi mwa mwenye shida.

Karatasi hiyohiyo ilitoa funzo kuhusu muda. Tetemeko la ardhi lilipoupiga mji wa Kobe mwezi Januari 1995, Ban alijenga pamoja na watu wa kujitolea jengo la mirija ya karatasi kwa ajili ya waumini wa kanisa la Takatori, na kwa familia za Wavietnamu zilizopoteza makazi akajenga vibanda ambavyo misingi yake ilikuwa makreti ya bia yaliyojazwa mifuko ya mchanga. Kanisa hilo la muda lilitumika kwa miaka kumi, katika mji ambao majengo mengi ya zege yalikuwa yameanguka. Lilipofunguliwa vipande mwaka 2005 halikutupwa, bali lilipelekwa Taiwan, katika eneo lililokuwa limepigwa na tetemeko la mwaka 1999, likasimamishwa upya huko. Ban amekuwa akieleza kwamba jengo hudumu pale watu wake wanapolipenda. Kwa mtu aliyesomeshwa kwamba udumifu hutokana na saruji na nondo, hilo ni jambo la kukaa nalo kwa muda mrefu.

Mwalimu wangu mkubwa zaidi katika jambo hili, ingawa sijawahi kuketi darasani kwake, ni Yasmeen Lari wa Pakistan. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufuzu usanifu majengo nchini mwake, akajipatia jina kwa majengo makubwa ya vioo na zege mjini Karachi, kisha mwaka 2000 akaifunga ofisi yake. Tarehe 8 Oktoba 2005 tetemeko liliipiga Kashmir na milima ya kaskazini mwa Pakistan, likaua watu zaidi ya 70,000. Lari alipanda milimani akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini, na mbele ya vifusi vile akafanya jambo ambalo wengi wetu tungeona ni kurudi nyuma: aliwaambia watu watumie mawe na mbao za nyumba zao zilizoanguka, wakachanganya udongo na chokaa, na akawaonyesha namna ya kuufunga ukuta ili usifunguke tena ardhi ikitikisika. Mafuriko makubwa ya mwaka 2010 yalipokuja, akahamia kwenye mianzi, kwa sababu huota upesi na bei yake iko chini.

Nataka nieleze nyumba hiyo inavyofanya kazi, maana uzuri wake umo humo. Kiunzi chake ni cha mianzi iliyofungwa kwa kukingamana, kwa hiyo mtikisiko au maji yakiusukuma upande mmoja, upande mwingine unaushika. Nyumba hukaa juu ya tuta, ili maji yapite chini yake. Ukuta husiribwa kwa udongo uliochanganywa na chokaa, na chokaa ndiyo inayoufanya udongo usiyeyuke kwa urahisi ukilowa. Maji yakizidi kimo na kuula ukuta, kiunzi kinabaki kimesimama, na wenye nyumba wanachukua udongo uleule kutoka uwanjani wanasiriba upya. Ndiyo maana mafuriko ya mwaka 2022, yaliyowagusa watu wapatao milioni 33, yalipopita, ziliripotiwa kutoka mkoa wa Sindh habari za nyumba za namna hii zilizosalimika. Lari amekataa kabisa kugawa nyumba zilizokamilika kana kwamba anagawa unga. Familia hupewa maarifa na vifaa vichache, nayo hujenga na kumalizia. Kwa juhudi hiyo hiyo alisambaza jiko la udongo lenye bomba la moshi, lililoinuliwa juu ya jukwaa ili mama asipikie chini penye maji na uchafu, na wanawake wenyewe huliumba na kulichora maua. Jiko hilo lilipata Tuzo ya Makazi ya Dunia mwaka 2018, na Lari mwenyewe akatunukiwa Nishani ya Dhahabu ya Kifalme ya wasanifu wa Uingereza mwaka 2023. Hapa kwetu, ambako wanawake wa makambini hulazimika kwenda mbali kutafuta kuni na wengine wamedhuriwa njiani, sioni kwa nini jiko lisihesabiwe kuwa sehemu ya mchoro wa nyumba tangu siku ya kwanza.

Hapo kwenye chokaa niruhusuni nisimame kidogo. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa chokaa kama kitu kigeni. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar vimesimama kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na mafundi wanaojua kuchoma chokaa, kuilaza na kuikanda bado wapo, ijapokuwa wanazidi kuzeeka. Vivyo hivyo nyumba ya miti na udongo, yenye nguzo, fito, mtambaapanya na makombamoyo ya kubeba paa, ni kiunzi kilichofungwa kwa kukingamana kabla ya mhandisi yeyote kukiandikia hesabu. Tetemeko lililopiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016 lilitukumbusha yanayoweza kuzipata kuta za matofali zilizojengwa bila kufungwa. Inanisikitisha kwamba ujuzi wa chokaa tumeuachia ukarabati wa hoteli za kitalii, ilhali familia iliyokimbia vita inaukandika ukuta wake kwa tope tupu linaloondoka na masika ya kwanza.

Huenda mtasema kwamba serikali nyingi haziruhusu wakimbizi kujenga kwa vitu vya kudumu. Ni kweli, na Bangladesh ni mfano mkali. Kuanzia Agosti 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walivuka kutoka Myanmar wakaingia Cox's Bazar, na kwa sehemu kubwa waliruhusiwa kujengea mianzi na maturubai tu. Ndani ya mipaka hiyo, wasanifu vijana wa Kibangladeshi, Rizvi Hassan, Khwaja Fatmi na Saad Ben Mostafa, walijenga majengo ya jamii ambayo mwaka 2022 yalipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Walifanya kazi papo hapo uwanjani na mafundi wa Kirohingya na wenyeji, na mambo mengi yaliamuliwa bila michoro, mwanzi mkononi. Kwa mujibu wa sheria majengo yale ni ya muda, lakini yamejengwa na watu waliopewa heshima ya kuulizwa, na hilo huonekana hata kwenye fundo la kamba.

Ila nisiwadanganye kwamba ustadi wa mafundo unatosha. Mwezi Machi 2021 moto uliwaka katika makambi hayohayo ya Cox's Bazar, ukala maelfu ya vibanda vya mianzi na turubai, ukawaacha watu wapatao 45,000 bila makazi, na walionusurika wakaeleza kwamba uzio wa seng'enge uliwazuia kukimbia. Mita 30 za kuzuia moto nilizozitaja mwanzoni huhitaji ardhi, na ardhi hutolewa na wenye mamlaka. Msanifu anayejua hesabu hiyo na akanyamaza mezani wakati watu wanapobanwa bondeni, amesaini mchoro huo hata kama jina lake halipo.

Nirudi nyumbani Afrika Mashariki, kule Turkana. Kalobeyei, jirani na Kakuma, ilianzishwa katikati ya muongo uliopita ikiwa makazi yanayokusudiwa kuwatumikia wakimbizi na wenyeji Waturkana kwa pamoja, yenye mpango wa mitaa, masoko na huduma uliotayarishwa kwa msaada wa UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi. Ban mwenyewe alialikwa huko mwaka 2017, na kauli yake, niifupishe kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba nyumba itakayofaa ni ile isiyohitaji mtaalamu wa kuisimamia, inayotumia vilivyopo, na inayoweza kutunzwa na mwenye kuikalia. Lakini jambo lililonigusa zaidi Kalobeyei halikuwa la msanifu. Familia zilianza kupewa fedha kwa awamu, zikajitafutia fundi, zikanunua matofali na mabati, zikajenga nyumba za kudumu zenyewe, na sehemu ya fedha hizo ikabaki kwa wachuuzi na mafundi wa papo hapo. Mtu aliyekuwa amehesabiwa miaka mingi kuwa mpokeaji akawa mwenye kandarasi wa nyumba yake.

Wasanifu tuna kazi gani basi, mwenye nyumba akishakuwa na fedha na fundi? Nyingi sana. Fundi anajua kupandisha ukuta, ila huenda hajui laga, yaani mto wa msimu, itafurika mpaka wapi, na wakazi wa kando ya mto Tarach, Kakuma, wameshaona nyumba zikizolewa na mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mkavu. Bati la Turkana saa saba mchana hugeuza chumba kuwa tanuri, na kuna njia ya kulizuia hilo. Katika kampasi iliyokamilika mwaka 2021 kando ya Ziwa Turkana, Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso na Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, alijenga minara mirefu kwa kuiga vichuguu vya mchwa wa eneo hilo: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na hewa baridi zaidi huingizwa kupitia matundu ya chini. Kanuni hiyo hiyo, kwa tundu la juu na tundu la chini kwenye ukuta wa chumba kimoja, haimgharimu mjane fedha nyingi. Inahitaji tu mtu wa kumwambia fundi kabla ukuta haujafika kimo cha mlango. Hata mathenge, mti ulioivamia ardhi ya wafugaji na kuwa kero, hutoa nguzo na fito.

Naielewa hofu ya serikali na wenyeji. Watu wa Kasulu na Kibondo wamepokea wageni kwa miongo, wameona misitu yao ikipungua, na wengi wao hawana nyumba bora kuliko za kambini. Nyumba imara ya mkimbizi jirani na zahanati inayovuja ya mwenyeji ni chanzo cha uchungu, na uchungu huo ni halali. Kwa hiyo napendekeza kwamba kila shilingi ya ujenzi wa dharura itafutiwe namna ya kuacha kitu pande zote mbili: kisima, darasa, zahanati, karakana ya kufundishia chokaa na matofali ya kushindilia, ambayo kambi ikifungwa kesho itabaki ikitumika. Wala nyumba nzuri haimfungi mtu asirudi kwao. Niliowafahamu waliorejea walirejea amani ilipopatikana, na fundi aliyejifunza kazi kambini aliuchukua mkono wake wa kazi akaondoka nao.

Kwenu wanafunzi na walimu nina maombi machache. Zoezi la kusanifu makazi ya maafa lisiishie kwenye picha nzuri za kompyuta. Kila kundi lijenge kona moja ya nyumba kwa kimo chake halisi, chini ya fundi wa mtaani anayelipwa kama mwalimu. Kila mchoro ueleze kwa maandishi jengo litadumu miaka mingapi, na nani, kwa vifaa gani na kwa gharama gani, atalikarabati katika mwaka wa tano. Na ile fomu niliyokwenda nayo kambini nikiwa kijana, ambayo najua kwamba dada zake bado zinatumika, ibadilishwe. Mahali palipoandikwa mabadiliko yasiyoidhinishwa paandikwe mabadiliko yaliyofanywa na mwenye nyumba na sababu zake, paachwe nafasi kubwa ya kuandika, na anayechora awamu inayofuata asiishike kalamu kabla hajayasoma yote.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.